Viazi Kabla ya Sindano

Jino la mke wangu lilianza kuuma msimu ule ambao mahindi ya Eldoret nzima huwa yameanikwa kando ya lami, na mimi naapa halijapata kuota jino kubwa kama lile katika kinywa cha binadamu. Shavu lilivimba hata likawa linaingia sebuleni kabla ya mwenyewe. Angekuwa mke wa mtu mwingine, hadithi ingeishia hapo hapo. Angepanda ngazi za daktari wa meno, adungwe ganzi, jino litoke, ashuke akiwa na pamba mdomoni, anunue maziwa ya mala njiani na kulala. Lakini mke wangu si mtu wa kudungwa hivi hivi.

Ana ugonjwa unaoitwa porfiria. Wateja wa duka ninalouza wakiniuliza ni nini, huwa nawaeleza hivi: ndani ya mwili kuna kiwanda kinachotengeneza ile rangi nyekundu ya damu, na ini nalo lina mtambo wake wa kazi hiyo hiyo. Kwangu na kwako kiwanda kinanguruma bila matata. Kwa mke wangu, mfanyakazi mmoja katikati ya mstari ni mzembe wa kuzaliwa. Siku za kawaida mzembe anajikokota na kazi inaenda. Lakini ini likihimizwa ghafla, na dawa fulani, au pombe, au homa, au tumbo tupu, bidhaa ambazo hazijaisha zinarundikana mbele ya yule mzembe, zinamwagika mwilini, na mwili unazipokea kama sumu. Tumbo linauma bila kidonda. Mishipa ya fahamu inalegea.

Kabla hatujalijua hilo jina, tulitibu magonjwa yote yaliyowahi kuandikwa. Tulitibu taifodi, tukatibu ameba, tukatibu vidonda vya tumbo, tukaombewa mpaka mapepo ya mitaa ya jirani nayo yakahama. Alitolewa kidole tumbo, na kikakutwa kizima kabisa, kizuri, hata kingeweza kurudishwa. Halafu akapewa dawa nyingine ya tumbo, na baada ya hapo miguu ikakataa. Mikono ikafuata. Kwa miezi kadhaa nilimlisha uji kwa kijiko, mtu ambaye alikuwa akibeba debe la maji kichwani huku akinigombeza. Alikuwa akinitazama juu ya kile kijiko, hasemi kitu. Ule ukimya wake sitaki kuusikia tena nikiwa hai.

Daktari aliyemwokoa alifanya jambo la ajabu. Alitia mkojo wa mke wangu kwenye chupa ya kioo, akaiweka dirishani penye jua, akaenda zake kula. Aliporudi, kile kilichokuwa na rangi ya kawaida kilikuwa kimegeuka, kimekolea wekundu mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Basi akajua. Tangu siku hiyo sisi tukawa watu wa kuuliza kabla ya kumeza. Hata dawa ya kikohozi tulikuwa tukiijadili kama bunge.

Sasa jino. Na jino ni sindano.

"Profesa," mke wangu aliniambia, akitumia upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi. Hilo jina alinipa siku nilipoleta nyumbani cheti changu cha kidato cha nne kutoka shule ya jioni, nikiwa tayari na mvi. "Profesa, usiniletee sura ya matanga. Ni jino tu."

"Si jino linalonitisha."

"Basi nini?"

Aliuliza tu. Alikuwa anajua.

Mimi nauza kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo. Ganzi si mgeni kwangu. Ndama wakikatwa pembe, daktari wa mifugo huja kununua chupa ya lignokeni, na ni dawa ile ile ambayo daktari wa meno hudunga watu. Asubuhi ile niliishusha kutoka kwenye rafu, nikaifungua karatasi yake yenye herufi ndogo kuliko chawa, nikaisoma juu mpaka chini. Niliona ng'ombe, nikaona mbuzi, nikaona farasi. Mke wangu sikumwona. Nikageukia simu. Ukurasa mmoja ukasema mwenye porfiria asidungwe lignokeni kamwe. Mwingine ukasema adungwe tu, haina neno. Wa tatu ukasema inategemea. Nilifunga simu nikiwa na jasho la mtu aliyepakua lori la mbolea peke yake. Elimu ya usiku ilinifunza kuuliza swali, ila haikuniambia la kufanya majibu yakija matatu na yote yamevaa koti jeupe.

Tukapanda kwa daktari wa meno. Alikuwa dada mmoja mtulivu, anazungumza polepole kama anayehesabu vidonge. Mke wangu alipotaja porfiria, yule dada alivua glavu.

"Hii niliulizwa kwa mtihani," akasema. "Sijawahi kuiona ikipanda ngazi zangu. Siwadanganyi. Siwezi kudunga kabla sijaongea na daktari wenu."

Hapo hapo nilimpenda. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mtu anayejua kila kitu.

Alimpigia yule daktari wetu wa chupa ya dirishani, akaweka simu juu ya meza ili sote tusikie. Sauti ilitoka katikati ya kelele za wadi.

"Lignokeni iliingizwa kwenye orodha za zamani kwa sababu ya mambo ya maabara," daktari akasema. "Kwa wagonjwa wenyewe, wengi wamedungwa kwa jino na hawakupata shida. Lakini ukipata ganzi ya bupivakeni, hiyo haina ubishi mwingi, na sote tutalala usingizi. Dunga kidogo, dunga polepole, hakikisha hauko ndani ya mshipa wa damu. Uvimbe utulizwe kwanza, amoksilini ni sawa kwake. Na asikae na njaa. Mnanisikia? Asikae na njaa kabisa."

"Tumekusikia, Daktari," tukasema wote watatu, kama darasa.

Mimi kwa kweli nilisikia neno moja. Bupivakeni. Nililibeba kutoka mle ndani kama mtu abebaye yai, nikilirudia kimoyomoyo mpaka chini ya ngazi. Daktari wa meno alisema ataitafuta hospitalini, turudi Alhamisi. Kwa hivyo hofu yangu yote, na ilikuwa hofu ya kujaza ghala la mahindi la Moi's Bridge, ikakaa juu ya ncha ya ile sindano.

Jumapili mama mkwe akafika kutoka Burnt Forest.

Lazima nieleze jambo hapa. Mimi ni mtu wa upande wa Ziwa, na kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hamtazami usoni sana, hampi mkono ovyo, hataji mbele yake mambo ya mwili. Anapokuja, wewe mwenye nyumba ndiye unakuwa mgeni. Mke wangu ni wa watu waliotoka mkoa wa kati, wakulima wa viazi, nao pia wana heshima zao kwa wakwe ila hawazifikishi mbali hivyo, na mara nyingi mama yake alikuwa akinishangaa nikipita ukutani kama kivuli. Lakini mimi nililelewa hivyo, na mtu huwezi kuvua malezi kama sweta.

Alikuja na gunia la viazi, kuku mmoja mwenye hasira, na Biblia. Mahali pa kulala alipata kwa jirani, mama wa ushirika wao wa kanisani, ili kunipunguzia taabu. Ila mchana kutwa na jioni alikuwa kwetu, pamoja na binti yake, mlango wa jikoni umefungwa nusu. Watoto wetu walikuwa shule ya bweni. Mimi nikahamisha tumbo langu dukani. Nilikula chapati na maharagwe nikikalia gunia la chakula cha ng'ombe, nikasubiri Alhamisi.

Jioni nilisimama mlangoni na kuita.

"Uko aje huko?"

"Niko sawa," mke wangu alijibu kutoka ndani.

"Jino?"

"Limepunguza makelele."

Nilisikia sufuria ikigusa jiko, nikasikia vikombe, nikasikia wimbo wa tenzi kwa sauti mbili. Nikajua watu wanakula. Nikaenda zangu kusoma kuhusu bupivakeni. Kufikia Jumatano ningeweza kuitungia mtihani.

Alhamisi tulipanda ngazi za daktari wa meno sisi watatu. Mama mkwe mbele na kitambaa chake cheupe kichwani, mke wangu katikati, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Mke wangu alisimama njiani akashika ukuta. Halafu akasimama tena.

"Ni hofu," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi naogopa."

Nilimwona akimeza mate.

Mama mkwe alikaa kwenye benchi la nje. Sisi tukaingia. Daktari wa meno alinionyesha kichupa, akanigeuzia kibandiko nikisome, na nilikisoma herufi kwa herufi. Yenyewe. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, kidogo, akalielekeza juu, tone likang'aa penye ncha. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kiti kile kinachoegemea nyuma, taa usoni, mikono ameikunja juu ya tumbo. Mimi nilisimama upande wa miguu yake. Nilikuwa nimejiambia nitakuwa nikitazama vidole vya miguu. Vidole vikicheza, mambo yako sawa.

"Sasa, Mama," daktari wa meno akasema, "hii ganzi inakaa sana. Mdomo hautakuwa wako mpaka jioni, na sitaki ule ukiwa hivyo, utajiuma ulimi. Kwa hivyo niambie, asubuhi umekula nini?"

Mke wangu akaitazama taa.

"Hata chai?"

Mke wangu akageuza uso upande wa ukuta. Halafu mikono yake iliyokuwa juu ya tumbo ikajikaza, magoti yakapanda juu yenyewe, na akatoa sauti niliyoifahamu. Haikuwa sauti ya jino. Niliifahamu kutoka ile miaka ya taifodi isiyokuwa taifodi.

"Tumbo," akasema.

Damu yangu ilishuka yote ikaingia kwenye viatu.

"Limeanza lini?" daktari wa meno akauliza. Sindano ilikuwa bado hewani mkononi mwake.

"Jana. Kidogo. Nilidhani litaisha."

"Umekula lini mara ya mwisho?"

Alifumba macho. Yule dada akanitazama mimi, mume, mtu wa nyumbani, mwenye cheti. Tangu Jumapili sikuwa nimeona mke wangu akitia kitu mdomoni. Nilikuwa nimeona mlango wa jikoni tu.

Nikatoka kwenda kwenye benchi. Mama mkwe aliinua uso, midomo ikiwa katikati ya maombi.

"Mama," nikasema, nikitazama viatu vyake. "Amekula lini?"

"Tumefunga, baba," akanijibu, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri. "Mimi na yeye na akina mama wote wa ushirika, tangu Jumapili jioni. Maji ya moto peke yake. Tumesema hiyo sindano haitamgusa vibaya. Tunavunja leo, jino likitoka."

Pale nilitamani sakafu inimeze. Lakini bado kulikuwa na swali lingine, na lilikuwa swali ambalo mtu wa kwetu hamwulizi mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto. Nilijaribu kuliuliza kwa kuzunguka. Nikasema, na akienda, na akienda haja. Akanitazama bila kuelewa. Nyuma yangu mke wangu alitoa ile sauti tena.

"Mama, mkojo wake ulikuwa rangi gani?"

Nililisema. Naamini mababu zangu wote kandokando ya Ziwa waligeuka wakatazama ukuta. Mama mkwe hakushtuka hata kidogo. Kilichobadilika kwenye uso wake kilikuwa kitu kingine. Furaha ilikuwa ikimtoka taratibu.

"Asubuhi ulikuwa kama chai ya rangi," akasema. "Nilimwambia aongeze maji."

Niliporudi ndani, daktari wa meno alikuwa ameshaweka sindano chini. Alikuwa akikoroga glukosi kwenye glasi kwa mkono mmoja huku simu ikiwa imebanwa begani. Nilisikia sauti ya daktari wetu ikisema neno moja mara mbili. Mlete, mlete.

Mlinzi wa jengo alitukamatia teksi. Mke wangu aliketi katikati yetu kwenye kiti cha nyuma, akiwa amejikunja kama jani la sukumawiki lililopigwa na baridi, na mama yake akimshikia ile glasi mdomoni. Maji ya glukosi yalimwagika kwenye kanzu ya ushirika ya mama mkwe. Hakuna aliyeyafuta. Barabarani mahindi yalikuwa yametandazwa pande zote, manjano kwa manjano, chakula cha kulisha taifa, na ndani ya gari letu mtu alikuwa anaangamia kwa kukosa kiazi kimoja.

Hospitalini, kule wadini, walimtundikia dripu ya glukosi. Daktari akaja mbio, akachukua damu, akaagiza dawa ya maumivu iliyo salama kwake. Alituambia waziwazi kwamba dawa yenyewe ya kuzima shambulizi kama hili haipatikani kirahisi huku kwetu, na kwamba sukari ikiingia mapema mara nyingi inatosha kulituliza ini.

"Tumewahi mapema?" nikauliza.

"Tutaona kwa nguvu za mikono na miguu," akasema. "Na kwa pumzi."

Neno pumzi sikulipenda hata kidogo.

Basi kazi yangu ikawa moja. Nilimpa mke wangu kidole changu cha shahada, nikamwambia akibane.

"Kibane kama ule mwaka nilioleta mbuzi nyumbani bila kukuuliza."

Alikibana, na kiliuma. Nikafurahi. Baada ya muda nikampa tena, kikauma kidogo. Alasiri nikampa tena, na nilipomtazama usoni niliona anatumia nguvu zake zote, paji limejikunja, na kile nilichokihisi kwenye kidole kilikuwa kama mtu anayeshika kifaranga.

"Nimebana?" akauliza.

"Umebana sana."

"Unadanganya vibaya, Profesa."

Nikamfunika mkono kwa shuka ili asiutazame.

"Daktari alikwambia usikae na njaa," nikasema. Sikutaka kusema, ila lilitoka. "Nilikuwepo. Tulijibu pamoja."

"Sikuwa na njaa," akanong'ona. "Nilikuwa nimefunga. Si kitu kimoja. Njaa inakukuta. Hii niliichagua." Akapumzika, akapumua. "Niliogopa ile sindano. Uliiogopa mpaka ukaniambukiza. Nikafanya kile ninachojua kufanya nikiogopa."

Nilikaa na hayo maneno. Yalikuwa mazito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba, na mimi nimebeba, ukiniuliza, zaidi ya wanaume wote wa Kesses wakijumlishwa.

Wakati wa kuona wagonjwa ulipofika, mama mkwe aliingia, mimi nikatoka kwenye korido. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikanunua mandazi, nikajificha nyuma ya nguzo, uso kwenye ukuta, nikaanza kutafuna haraka haraka. Ndipo nikasikia viatu vikisimama nyuma yangu.

"Kwa hivyo ni mimi," mama mkwe akasema.

Nililificha andazi mfukoni. "Hapana, Mama."

"Ni mimi. Alisema tumbo linamkata, nikamwambia ni adui anapigana, tukaze. Nikaongeza wimbo." Alikuwa ameshika kingo za kitambaa chake kwa mikono miwili. "Nilijua kuna dawa zinamdhuru. Hakuna mtu aliniambia kwamba hata kufunga ni kama dawa mbaya. Nani angeniambia? Yeye hakutaka kunivunja moyo."

Nilitazama viatu vyake, vilikuwa bado na udongo mwekundu wa shambani.

"Na wewe," akaendelea, "hizi siku zote ulikuwa unakula wapi?"

"Dukani, Mama."

"Kwa nini?"

"Heshima."

"Heshima." Alilitamka kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. "Ungekuwa mezani ungeona sahani yake imekauka. Siku ya kwanza tu ungeona, ungepiga kelele mpaka mtaa mzima usikie. Si nakujua? Mtu wa kelele ndiye tulimhitaji, naye amejificha na ng'ombe."

"Kwetu, Mama, mtu hawezi..."

"Najua ya kwenu. Nimeyaheshimu tangu umwoe. Sasa toa hilo andazi mfukoni, linatoa mafuta kwa suruali."

Nililitoa. Nililishika tu. Kulila mbele yake sikuweza, mkono ulikataa kupanda, na hakunilazimisha. Tulisimama hivyo mpaka muuguzi akatuita ndani.

Usiku ule sitausimulia, maana sikulala na hakukutokea lolote, na hilo la kutotokea lolote ndilo nililokuwa nikiliomba. Asubuhi mama mkwe alikuwa wa kwanza kufika kitandani, na ni yeye aliyempa binti yake kidole. Niliona uso wa mama ukibadilika. Akakivuta kidole, akakipuliza kama kilichoungua.

"Huyu amerudi," akasema. "Ameniumiza kabisa."

Mimi nikajifanya kuangalia dripu. Ilinibidi kuiangalia kwa muda mrefu.

Jino bado lilikuwepo, hilo msisahau. Lilisubiri kwa ujeuri wake. Daktari alimweka wadini mpaka tumbo likatulia na miguu ikampeleka mwenyewe msalani na kumrudisha, kisha akasema sasa ling'olewe, kwa ganzi ile ile tuliyokuwa tumepanga, ila aingie na tumbo lililojaa. Mama mkwe aliwapigia simu akina mama wa ushirika nikimsikia.

"Nyinyi mnaotaka kufunga, fungeni," aliwaambia. "Mfunge kwa ajili yake. Lakini yeye anakula. Atakayemwambia afunge, ataniona mimi."

Siku ya kung'oa tulipanda zile ngazi tena. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi moja na kalenda ya mwaka uliopita. Mama mkwe aliketi, akafungua kapu, akatoa bakuli kubwa la viazi vilivyopondwa na mahindi laini na majani ya malenge, mvuke bado unatoka. Akatoa sahani. Moja akampa binti yake. Moja akajiwekea. Ya tatu akaijaza mpaka ikawa kilima, akaninyooshea.

"Hapa?" nikasema.

"Hapa. Mahali nakuona."

Mke wangu, shavu bado limevimba kidogo upande mmoja, akaacha kula ili kutazama. Watu wengine waliokuwa wakingoja daktari nao wakatazama, ingawa hawakujua wanatazama nini. Nikachukua kijiko. Nimewahi kushika fahali aliyevunja kamba, nimewahi kufanya mtihani wa hisabati baada ya siku nzima ya kupakia mbolea, na hakuna lililonitoa jasho kama kile kijiko. Nikakipeleka mdomoni. Nikatafuna. Mbingu hazikuanguka. Kitu pekee kilichotokea ni kwamba kiazi kilikuwa cha moto, nikaanza kuhema na mdomo wazi kama mbwa, na mama mkwe akasema, "Pole pole, baba, hakuna mtu atakunyang'anya," na mke wangu akacheka akashika shavu, akacheka tena, huku machozi ya maumivu yakimtoka.

"Maliza," nikamwambia, nilipopata ulimi wangu. "Nimekuona umebakisha."

"Ndiye huyo," mama yake akasema. "Ndiye huyo mwenye kelele."

Alimaliza. Daktari wa meno aliitazama ile sahani tupu kwanza, kisha akavaa glavu. Nilisimama tena upande wa miguu. Sindano iliingia kwenye ufizi, ikatulia, akavuta nyuma kidogo kuhakikisha hakuna damu, akasukuma polepole, polepole mno, mpaka nikahisi ni mimi ninayedungwa. Nilivitazama vidole vya miguu ndani ya soksi. Vilicheza. Jino lilitoka likiwa na mizizi mirefu kama ya mti wa mkaratusi, na hapo siongezi chumvi, au naongeza kidogo.

Ganzi ilikaa mpaka giza lilipoingia, kama tulivyoambiwa. Mchana kutwa mke wangu aliongea kama mtu aliyemeza soksi, na alisisitiza kuongea. Lakini tulijua kwamba bado hatujapona hofu. Shambulizi la porfiria halipigi hodi papo hapo. Linaweza kuja kesho yake.

Kwa hivyo kesho yake asubuhi nilichukua chupa safi ya kioo, nikampa mke wangu, naye akanirudishia ikiwa na kile kilichotakiwa, nikaiweka dirishani penye jua. Sikuenda dukani. Nilisimama pale. Baadaye kidogo mama mkwe akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, na sisi wawili, watu ambao tulikuwa hatujawahi kutazamana vizuri, tukaitazama ile chupa.

"Imebadilika?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Ile ya kwanza ilichukua muda gani?"

"Daktari alikuwa ameenda kula."

Jua lilipanda. Lilipita kwenye kioo likaacha doa la manjano ukutani, na lile doa likabaki manjano. Mama mkwe aliinama akaisogelea, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nikaishika chupa kwa shingo nikaigeuza taratibu, nikatafuta wekundu wowote chini, pembeni, popote. Manjano. Manjano hafifu kama chai ya mtu bahili.

Sahani ziligonga jikoni, na mlango wake ulikuwa wazi wote.

"Mkimaliza kuutazama huo mkojo wangu," mke wangu akaita, na mdomo wake ulikuwa umerudi wote mahali pake, "mnawe mikono mje mle."